Mafuta Yote Yatoke

Mmeniuliza kila mmoja kivyake: mmoja sokoni, mwingine tukitoka misa, wa tatu alinishika shati bandarini nikiwa na mzigo kichwani. Kila mara nimesimulia kipande, na vipande vimekwenda kuunganishwa vibaya. Juzi nimesikia kwamba nilisukuma pikipiki kwa mikono kutoka Moba hadi Kirungu. Sikusukuma. Ndiyo maana ninaandika, na anayetaka kubisha aje na kalamu yake.

Kwa wasiojua mwanzo wake: pikipiki ilikuwa ya marehemu baba. Aliachiwa na mhandisi Mbelgiji aliyerudi kwao wakati wa uhuru, na hata siku hiyo haikuwa mpya. Kwetu Watabwa, mtu akifa vitu vyake havibaki kwa watoto, vinarudi kwa watu wa mama yake. Kwa hiyo neno lilikuwa la Baba Mdogo Kalunga wa Kirungu, aliyezaliwa tumbo moja na baba. Akatuma ujumbe kwa boti: fungueni moteri muilete, tutaifunga kwenye kinu cha kusagia mahindi, maana pikipiki yenyewe imezeeka, inakunywa mafuta, barabara haiiwezi tena. Nikamjibu kwa mdomo wa mtu yule yule aliyeleta ujumbe: itakuja yenyewe. Baada ya wiki mbili jibu likafika.

"Ije. Ikipanda mulima na kuingia kwangu inanguruma, mutoto aichukue, sitasema neno tena. Ikizimika mulimani, tunaifungua pale pale."

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tano, nimepakua samaki, nimefyatua matofali, nimekaa Nyunzu msimu mmoja na Moba misimu miwili, na hakuna kazi iliyonishika. Pikipiki ile tu ndiyo sijawahi kuichoka. Sikuwa tayari kuiona imefungwa kwenye saruji ikizunguka bila kwenda popote.

Kalemie, kwa Papa Tambwe

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Pikipiki ya zamani namna ile haiweki mafuta ya injini mahali pamoja kama hizi za siku hizi. Ina tangi dogo chini ya kiti, na kutoka hapo mafuta yanateremka kwa bomba kwenda injini. Kila asubuhi tangi lilikuwa karibu tupu. Unajaza, unapiga kiki, moshi wa buluu unafunika nyumba tatu na majirani wanatukana. Kesho yake, tupu tena. Mafundi wote wa mjini walisema: inakunywa.

Nilipata makopo matatu ya mafuta mapya kutoka kwa mfanyabiashara wa Kigoma, nikaenda kwa Papa Tambwe nimwombe anifanyie vidanji ya kweli, yaani mafuta ya zamani yatoke yote, yaingie mapya. Papa Tambwe ni fundi tangu kabla mimi sijazaliwa. Alifungua buloni ya tangi, ile bolti ya chini, mafuta meusi yakashuka kwenye beseni, na kabla hayajaisha akairudisha buloni na kuikaza.

"Papa, bado yanatoka."

"Hautoe yote. Unabakisha kidogo, njo mbegu yake. Moteri muzee imezoea damu yake."

"Mbegu ya uchafu inazaa nini?"

"Mama yako akitengeneza munkoyo anaosha mutungi mpaka inang'aa? Anabakisha ya jana. Ya leo inachachuka juu ya ile ya jana."

"Munkoyo tunakunywa, Papa. Hii haichachuke."

"Weye ulifunda wapi mambo ya moteri? Darasa ya tano?"

Wateja wawili waliokuwa wanangoja baiskeli zao walicheka mpaka mmoja akakalia beseni la watu. Nikawaacha wamalize.

"Nijibu moja tu," nikasema. "Mnasema inakunywa. Mafuta yanapungua usiku. Usiku pikipiki imezimwa. Inakunywa na mdomo gani?"

Papa Tambwe akafuta mikono na kusema, "Leta kopo." Akamimina kopo moja juu ya ile mbegu yake. Mimi nilikuwa na bisibisi na koleo tu, kle zote, yaani spana, zilikuwa zake. Nikatia makopo mawili yaliyobaki kwenye mfuko, na swali lilipanda nyuma yangu pikipikini tukaondoka nalo.

Habari za karatasi na mihuri ya ruhusa ya safari naziruka. Zinajulikana.

Njia ya kusini

Siku ya kwanza ziwa lilikuwa mkono wa kushoto, likionekana na kupotea. Mchanga, mawe, mchanga. Nyuma yangu moshi ulisimama barabarani kama mtu aliyesahaulika. Wanawake wenye vikapu walijitupa pembeni kabla sijafika, na nilipopita walinipa maneno ambayo sitayaandika.

Mchana nilisimama kwa mama mmoja aliyekuwa anauza bukari, ugali wetu, na samaki wa mikeke wa kukaanga chini ya paa la nyasi. Aliitazama pikipiki ikizima.

"Papa, humo ndani unapika nini?"

"Mafuta."

"Basi yanaungua. Punguza kuni."

Samaki wake walikuwa wazuri kiasi kwamba nilikula sahani mbili na kuomba kulala kwao. Mumewe alinipa mkeka kwenye kibanda cha nyavu. Asubuhi nilifungua tangi: karibu tupu. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikatafuta. Mchanga ulikuwa mweupe, hakuna hata tone. Usiku mzima pikipiki haikuwashwa, kwa hiyo hakuna kilichoungua. Na chini hakukumwagika kitu.

Nikafuata bomba kwa kidole. Lilitoka chini ya tangi, likaingia tumboni mwa injini. Bomba la pili lilitoka tumboni, likarudi juu ya tangi. Moja la kwenda, moja la kurudi. Nikakaa pale mchangani kama mtu aliyepigwa kofi. Haikuwa inakunywa chochote. Usiku mafuta yalikuwa yanateremka polepole yenyewe, yanajaa tumboni, na asubuhi sisi wajinga tunaona tangi tupu na kuongeza mengine juu. Tumbo linafurika, linatapika moshi, tunasema mzee anakunywa. Wote waliomwaga mafuta walifungua tangi peke yake. Tumboni, nadhani, hakuna aliyewahi kumwaga tangu yule Mbelgiji apande meli.

Yule mama alikuja kuchukua sahani akanikuta nacheka peke yangu. Akaniongezea bukari, nafikiri kwa huruma.

Kwa Papa Mulonda

Buloni ya tumboni ilikuwa kubwa kuliko koleo langu. Nikaenda na moshi wangu, nikiuliza kle kila kijiji, mpaka nikaelekezwa kwa Papa Mulonda, mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli upande wa Nyunzu akastaafu na kle moja kubwa kama mguu wa mbuzi. Alikuwa mfupi, msafi, mjane. Alinipokea kana kwamba nilikuwa nimemwandikia barua kwamba nitakuja.

Asubuhi yake, Jumamosi, tulifungua tumbo. Mafuta hayakutoka. Yalikaa kwanza, kama yanafikiri, kisha yakateremka mazito, meusi, yakinuka kama chungu kilichoungua. Beseni la kwanza likajaa. Chini kabisa yalikuja matope yenye unga wa chuma unaometameta. Nikamwaga na ya tangi pia. Nikatoa chujio, nikaliosha kwa mafuta ya taa, nikaosha tumbo, nikaosha tangi, nikaacha matundu yote wazi ili hata tone la mwisho lichuruzike. Makopo yangu mawili mapya yalikuwa kwenye mfuko kando ya gurudumu.

Ndipo kapita, msimamizi wa kijiji, akafika na jembe la ziada, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali.

"Sitwayeni, leo ni salongo, kazi ya wote."

"Mimi ni mgeni."

"Mugeni naye ana mikono. Barabara yenyewe njo ile unataka kupita."

Hapo hakuwa na kosa. Nikaenda na kijiji kizima kujaza mashimo. Tulipiga udongo mpaka jua la saa sita, watu wakiimba kwa sauti pale kapita alipokuwa karibu na kwa sauti ndogo alipokwenda mbali. Walitaka kujua kama ni kweli pikipiki yangu inatoa roho kwa moshi. Niliwaeleza habari ya mabomba mawili. Mwanamke mmoja aliyekuwa anabeba mawe akasema mumewe pia yuko hivyo, anachokula hakionekani kinapokwenda, na kazi ikasimama kidogo.

Niliporudi nilimkuta Papa Mulonda amekaa kwenye kigoda mbele ya pikipiki, mikono magotini, amefurahi. Buloni zote zilikuwa zimekazwa. Kopo moja langu lilikuwa limelala chini, tupu.

"Nimekusaidia," akasema. "Nilichuja ile ya zamani na kitambaa kisafi kabisa. Nikatia kikombe mbili za zamani, nikamwaga kopo moja mupya juu. Nikapiga kiki kidogo ichanganyike."

Nikaliokota lile kopo.

"Mugeni wangu hawezi kukaa tumbo tupu mpaka jua linapinduka," akaendelea. "Na hii njo mugeni wa pili."

Nilifungua kifuniko cha tangi. Meusi. Nikatumbukiza kidole, nikakitazama. Nilitaka kupiga kelele, na jikoni mwake niliweza kuona sombe ya majani ya muhogo aliyonipikia, na kuku, kuku wake wa pekee ambaye asubuhi nilimwona akitembea uani.

"Papa," nikasema, "umenitendea vizuri. Sasa nitamwaga tena yote."

"Na kopo yangu?"

"Nayo."

Uso ulimshuka. "Utabaki na kopo moja. Haitajaza hata nusu ya tangi. Afazali chafu imejaa kuliko safi nusu. Mulima wa Kirungu si wa kuchezea."

Kapita alikuwa amefika, na majirani wawili, na wote walikuwa upande wake. Kila mtu alikuwa na mfano. Mmoja alisema chungu kipya lazima kipakwe masizi ya cha zamani. Mwingine alisema mtu mzee habadilishiwi maji ya kunywa. Niliwasikiliza nikiwa nimelala chali chini ya injini na ile kle ya reli mkononi, na buloni ilipoachia, mafuta yote, ya zamani na yale mapya yaliyoharibika, yakashuka mbele ya macho yao. Nikaosha upya. Nikangoja upya. Safari hii nilikaa mwenyewe kwenye kigoda, na chakula nilikula pale pale, sahani mapajani, nikilinda matundu matatu. Kuku alikuwa mgumu na mtamu. Papa Mulonda alikula kwa kunipa mgongo.

Nikamimina kopo la mwisho. Nikatoa bujie, ile plagi ya cheche, ili isiwake, nikapiga kiki mara hamsini, mara sitini, huku nikichungulia tangini. Kisha kwenye mdomo wa lile bomba la kurudi yakatokea: kijito kidogo, cheupe kama asali ya mwanzo, kikidondoka, kikikatika, kikidondoka.

"Njoo uone, Papa."

Alikuja polepole. Alichungulia, mikono mgongoni.

"Inarudi," akasema.

"Inarudi."

Nilipowasha hakukuwa na moshi. Kapita alizunguka nyuma ya pikipiki kuutafuta. Mafuta machafu nilimwachia Papa Mulonda apake nguzo za nyumba yake dhidi ya mchwa, na aliyapokea, lakini aliniambia tukiagana kwamba hata nguzo zitapenda mchanganyiko.

Moba

Nilifika Moba bila moshi na bila haraka, nikisimama kila saa ili injini ipoe, kwa sababu nusu tangi ni nusu tangi na ujasiri hauongezi hata kijiko. Nililala kwa watu niliowahi kuvua nao. Asubuhi alinifuata Kyungu, mtoto wa Shangazi Sangwa, ametumwa na Baba Mdogo kuwa shahidi wa mlima. Alikuja na watu wawili, mti mrefu na kamba, vya kubebea injini.

Jambo la kwanza alifungua kifuniko cha tangi.

"Tupu," akawaambia wenzake. "Imekunywa. Tufungue hapa hapa, kuna kivuli."

"Toa mkono."

"Bruda, nimeona na macho. Hata tone."

"Toa mkono nikuonyeshe mafuta yalipolala."

Nikatoa bujie, nikapiga kiki. Watu wa bandarini wakasimama na samaki wao. Mara kumi, ishirini. Wale wawili walikuwa wameanza kufungua kamba. Kwenye kama arobaini bomba likatema, na Kyungu akaingiza pua tangini kama mbwa kwenye sufuria.

"Umeyatia saa ngapi?"

"Sikuyatia. Yalikuwa tumboni."

Hakuniamini. Alinipekua mfuko. Kisha akapanda nyuma bila kuulizwa, mtu mnene, akasema kama pikipiki ni nzima itubebe wawili.

Mlima

Ilitubeba wawili. Mnaujua ule mlima: barabara inajikunja, inajikunja tena, na kila ukidhani umefika ziwa linaonekana chini dogo zaidi na mlima unabaki ule ule. Nilishika gia ya pili na sikuomba kitu zaidi. Joto la injini lilinipanda miguuni. Nilisikiliza sauti yake kwa mwili mzima, na Kyungu nyuma alikuwa anaimba.

Karibu na kona ya juu ilianza kugonga. Kitu kidogo, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Nilijua ni nini: joto limekuwa jingi, mafuta ni machache, na chuma kinatafuta chuma.

"Inazimika," Kyungu akaniambia sikioni, kwa upole kabisa.

"Shuka."

"Mupango haukuwa kushuka."

"Baba Mdogo alisema ikizimika. Hakusema ikubebe. Shuka."

Alishuka. Mimi pia nilishuka, nikaweka gia ya kwanza, mkono kwenye gesi, nikatembea kando yake. Hapa ndipo uongo wa kusukuma ulipozaliwa, kwa sababu waliotuona kutoka mashambani waliona mtu anatembea ameshika pikipiki. Lakini mikono yangu ilikuwa imenyooka mbele, jamani. Ilikuwa inanivuta. Nilikimbia mahali pengine ili nisiachwe. Kwenye sehemu iliyo tambarare kidogo niliigeuza ielekee upepo, nikaiacha ikinguruma taratibu mpaka kugonga kulipopungua, kisha tukaendelea. Nilifanya hivyo mara nne. Kyungu alitufikia kila mara akihema kuliko injini, na kila mara aliweka sikio karibu akitumaini.

Upepo wa juu ulipoanza kuwa baridi, nilipanda tena.

Kirungu

Kwa Baba Mdogo walikuwa wamekwisha kumwaga saruji. Jiwe zuri, limesawazishwa, na buloni nne zimesimama juu zikingoja. Pembeni walikaa wanawake kumi hivi na vikapu vya mahindi. Niliingia nikapita katikati yao, nikasimamisha pikipiki kando ya lile jiwe, sikuzima.

Kyungu alifika baadaye, jasho mpaka kwenye viatu. "Alishuka," akasema. "Alitembea kando yake."

Baba Mdogo ni mtu wa maneno machache. "Ilizimika?"

"Hapana, lakini alitembea."

"Nauliza moteri. Ilizimika?"

"Haikuzimika."

Baba Mdogo alikuja, akafungua kifuniko mwenyewe, akaangalia mafuta yakirudi. Akatia kidole, akakipaka kwenye kiganja, akakisogeza kwenye mwanga. Nadhani alikuwa anamtafuta kaka yake pale kiganjani. Akarudisha kifuniko.

"Ni yako," akasema, akaingia ndani.

Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kufurahi naye. Kyungu alikuwa ameketi chini anavua viatu. Shangazi Sangwa, mama yake, alisimama kutoka kwenye vikapu. Yeye ndiye dada pekee wa baba, na ananifahamu tangu nikiwa mgongoni.

"Nyie wanaume mumemaliza," akasema. "Tulikuombea njia ya kuja, ni sawa. Na mahindi?"

Sikuwa nimefikiri habari ya mahindi. Nasema ukweli, njia nzima sikufikiria hata mara moja kwamba kile kinu kilikuwa mikono ya watu hawa. Walikuwa wakitwanga tangu wasichana.

"Moba kuna kinu," nikasema. "Nitabeba. Nitateremsha mahindi na kupandisha unga."

"Utabeba leo," Shangazi akasema, bila hasira, mbele ya wote. "Kesho pia, kwa sababu una haya. Halafu utasikia kuna kazi Nyunzu. Weye tunakujua, Kisimba. Hata kwa baba yako mugonjwa ulikaa siku nne."

Wanawake waliangalia vikapu vyao. Nikachukua gunia la kwanza, nikalifunga nyuma.

Niliteremka mara tatu na kupanda mara tatu, nikipumzisha injini kila kona. Safari ya tatu kule kugonga kulirudi mapema, na nilijua nusu tangi haitavumilia ya nne. Kirungu nzima hapakuwa na mafuta ya injini, Moba pia hapakuwa. Kwa hiyo pikipiki nimeiacha kwa Baba Mdogo, kando ya lile jiwe la saruji ambalo hakuna aliyelivunja, nikapanda boti kuja hapa Kalemie kutafuta makopo. Nimepata manne. Yako chini ya kitanda ninapoandika.

Shangazi hakuniaga. Aliwaambia wenzake, nikiwa nasikia, wasianike mahindi mengi, maana yatapata wadudu wakinisubiri. Boti inaondoka Alhamisi. Ijumaa yake atanikuta uani kwake nimeshika gunia, na aanze yeye kutafuta la kusema.